Msituulize Rangi ya Tela, Tuulizeni Kiungo



Wiki iliyopita tuliitwa kikao hapa Nakivale. Kuna matela mapya yanakuja, ya kufunga nyuma ya pikipiki, kwa ajili ya kubeba wagonjwa kutoka vijijini hadi kituo cha afya. Ni habari njema, tena sana. Tukaulizwa maswali matatu: tunataka rangi gani, nembo ikae upande gani, na kanda ipi ianze kupewa. Mmoja akasema nyeupe inachafuka na hii vumbi yetu. Mwingine akasema nyekundu inaonekana mbali. Wa Juru wakasema wao ndo wako mbali zaidi, wa Rubondo wakakataa. Tukabishana karibu saa nzima.

Hakuna aliyeuliza tela litashikaje pikipiki. Na mimi ninayeendesha tela nilinyamaza. Nilitoka pale najilaumu, ndo maana naandika leo.

Kile kipande cha chuma kinachounganisha tela na pikipiki nitakiita kiungo. Mafundi wengine wanasema huku, wengine tobaa, na sisi tuliotoka Congo tunasema tu "pale remoki inashikia." Uite unavyotaka. Ni kitu cha ukubwa wa ngumi. Kwenye picha za uzinduzi hakionekani kabisa, kwa sababu kiko kati ya tairi la nyuma na mkono wa tela, chini, kimejaa tope. Lakini mgonjwa akishalala ndani ya tela, maisha yake yako pale.

Ngoja niwaambie nilijuaje.

Mwaka juzi, msimu wa mvua, dada yangu mkubwa alishikwa na uchungu saa nane usiku. Nyumbani tunamwita Yaya, kama kwetu wanavyomwita kila aliyekutangulia kuzaliwa. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda Mbarara na mgonjwa mwingine. Tela la kijiji lilikuwa kwangu, wiki ile mimi ndiye niliyekuwa zamu. Nikalifunga nyuma ya Boxer, tukamlaza Yaya, na mama mkwe wake akapanda pikipiki ya jirani akatufuata na tochi.

Tela lile lilikuwa na kiungo cha boli, kama cha magari. Kwenye pikipiki kuna kichwa cha chuma cha mviringo, na kwenye mkono wa tela kuna kikombe kinachokifunika. Chini ya kikombe kuna ulimi unaobana boli lisichomoke, na ulimi wenyewe unazuiwa na kipini kidogo. Kipini kile cha asili kilikuwa kimepotea miezi miwili kabla. Nilikwenda kuuliza, nikaambiwa kimeagizwa. Nikazunguka madukani, saizi ile haipo. Basi nikachukua msumari wa inchi nne, nikaupitisha, nikaupinda. Miezi miwili ukafanya kazi. Miezi miwili nikajisifu kwamba na mimi ni fundi.

Tulipofika kwenye mteremko, maji yalikuwa yamechimba mfereji katikati ya barabara. Tairi la pikipiki lilivuka, la tela likaingia. Nikasikia "ko!" moja, halafu pikipiki ikawa nyepesi. Dereva wa tela akihisi wepesi ule anajua nini kimetokea kabla hajageuka. Ncha ya mkono wa tela ilidondoka ikachimba ardhi, tela likasimama ghafla na kuinuka upande wa nyuma, na Yaya akateleza mbele. Hapakuwa na mnyororo wa usalama.

Mkono wa Yaya ulivunjika. Mtoto alizaliwa pale pale kando ya barabara, mbele ya taa ya pikipiki. Mungu ni mwema, wote wawili wako hai. Lakini kila mtoto yule akinijia mbio na kuniita mjomba, macho yangu yanakwenda kwenye mkono wa mama yake, uliopona ukiwa umepinda kidogo.

Kosa lilikuwa la nani? La kwangu, sehemu yake. Msumari niliuweka mimi, na sitaki mtu anisafishe. Lakini siku ya pili yake, fundi mmoja mzee wa Bukavu aliokota kile kipande cha msumari kilichobaki, akakigeuza mkononi, akaniambia: "Kijana yangu, hii musumari haina kosa. Ilikuwa inafanya kazi ya mutu mwingine."

Nimelifikiria neno lile muda mrefu. Mtu mwingine, mbali sana na hapa, alichagua kiungo ambacho kipande chake kidogo kabisa hakipatikani kambini. Siku alipochagua, msumari wangu ulikuwa umeshaandikwa.

Hoja yangu ni hii: kiungo kichaguliwe kwanza, kabla ya tela lenyewe. Na kichaguliwe kwa mambo mawili tu. La kwanza, kiiruhusu pikipiki kutembea kama pikipiki. La pili, kikiharibika leo, fundi wa hapa hapa aweze kukitengeneza kesho asubuhi.

Nianze na la kwanza, maana wengi hawalijui, hata waliosoma.

Gari likikata kona, linabaki wima. Pikipiki ikikata kona, inalala upande. Ndo ilivyo, bila kulala haigeuki vizuri. Tela la matairi mawili, lenyewe, halilali. Linabaki limekaa sawa na barabara. Kwa hiyo kiungo kinatakiwa kuruhusu mambo matatu kwa wakati mmoja: tela ligeuke kulia na kushoto, lipande na kushuka kwenye matuta, na pikipiki ilale huku tela limekaa. Likikosekana hilo la tatu, kila kona pikipiki inapigana na tela. Dereva atahisi kama kuna mtu nyuma anamvuta begani.

Na ikianguka? Kwenye utelezi pikipiki zinaanguka, tusidanganyane. Kiungo kizuri kinaacha pikipiki ilale chini kabisa na mgonjwa nyuma abaki amelala salama. Kibaya kinafika mwisho wa mzunguko wake, kisha ama kinapindua tela, ama kinavunjika.

Sasa tuangalie vinavyopatikana. Mimi nimetumia aina tatu.

Aina ya kwanza ni ndoano na pete. Nyuma ya pikipiki kuna ndoano, kwenye tela kuna pete. Welda yeyote anatengeneza kwa nusu siku. Inageuka pande zote, pikipiki inalala inavyotaka. Tatizo lake ni ulegevu. Pete inacheza ndani ya ndoano: ukikaza mafuta inavuta, ukishika breki inasukuma, na kila mara inagonga. Kugonga kule kunakula chuma polepole, na mgonjwa mwenye mfupa uliovunjika anausikia kila mgongo. Kwa kubeba mahindi kutoka shamba, sawa. Kwa kubeba mtu, mimi nasema hapana.

Aina ya pili ni hiyo ya boli. Uzuri wake haigongi, imekaa imebana. Lakini kikombe cha gari kimetengenezwa kwa ajili ya gari. Kinazunguka kidogo tu kwa upande, kwa sababu gari halilali. Pikipiki ikilala sana, mdomo wa kikombe unaegemea shingo ya boli na kuanza kulazimisha. Pili, boli linataka grisi, na grisi yetu hapa baada ya siku mbili ni mchanganyiko wa mafuta na mchanga mwekundu. Mchanga ule unasaga boli kama msasa. Boli likipungua, kikombe kinalegea. Tatu, ulimi na kipini chake, yale niliyowaambia. Vipo vikombe vya boli vilivyoongezewa sehemu ya kuzunguka kwa ajili ya pikipiki, na hivyo ni vizuri, lakini vinatoka mbali na vipuri vyake vinatoka huko huko.

Aina ya tatu ni ya krosi na bomba. Mafundi wa magari wanaijua krosi: ni kile kiungo chenye umbo la msalaba kwenye shafti ya propela. Unachukua krosi ya pickup ndogo iliyokufa. Unaifunga hivi: mguu mmoja wa msalaba usimame wima, ili tela ligeuke kulia na kushoto. Mguu wa pili ulale, ili tela lipande na kushuka. Halafu kwenye mkono wa tela unaweka bomba ndani ya bomba, la ndani likizunguka ndani ya la nje, na nyuma unafunga nati kubwa na kotapini ili lisichomoke. Bomba hilo ndo linaloiacha pikipiki ilale. Mambo yote matatu yametimia. Krosi ina beringi na sili zake, haigongi, vumbi haliingii ovyo. Ikichoka, unanunua nyingine Mbarara au unatoa kwenye gari lingine bovu.

Mimi nachagua hii ya tatu. Sio rahisi kama ndoano, inataka fundi makini na siku mbili za kazi. Lakini nimeiendesha mvua na kiangazi, na jambo ninaloweza kusema ni kwamba nikiwa njiani nasahau kama ipo. Kiungo kizuri dereva anakisahau, mpaka siku ya kukikagua.

Angalizo kwa wanaofikiria tela la tairi moja. Hilo ni kinyume kabisa. Tela la tairi moja linatakiwa kulala pamoja na pikipiki, kwa hiyo kiungo chake kisizunguke kwa upande hata kidogo, la sivyo litaanguka peke yake. Msichukue kiungo cha hili mkakifunga kwenye lile. Na kwa mgonjwa, matairi mawili ndo mpango.

Haya, kiungo kimepatikana. Kifungwe wapi? Hapa ndo nimeona makosa mengi zaidi.

Watu wanapenda kukifunga kwenye keria, kwa sababu keria iko tayari na ina matundu. Jamani, keria imewekwa kubeba mzigo ulioketi juu yake. Haikuwekwa kuvuta. Halafu iko juu sana. Ukishika breki kwenye mteremko, tela linasukuma pikipiki kwa juu, nyuma kunakuwa kwepesi, tairi linateleza. Ukipanda mlima, tela linavuta kwa juu hiyo hiyo na tairi la mbele linataka kuinuka. Kiungo kikae chini, karibu na usawa wa ekseli ya tairi la nyuma, na kisiwe mbali nyuma ya tairi. Kadiri kinavyokwenda mbali nyuma, ndivyo tela linavyopata nguvu ya kuyumbisha pikipiki.

Na mikono inayokishika ifungwe kwenye fremu, pande zote mbili, kwa bolti. Wapo wanaoifunga kwenye bolti ya ekseli yenyewe. Inawezekana, lakini ukumbuke kila ukikaza cheni unasogeza ekseli, na kiungo kinasogea nayo. Ukikaza upande mmoja zaidi, tairi na tela vyote vinakaa kombo. Nani kati yetu hakazi cheni haraka haraka asubuhi abiria akisubiri?

Bolti pia zina heshima yake. Tazama kichwa cha bolti. Ikiwa imeandikwa 8.8, hiyo ni ngumu, tumia. Isiyo na namba yoyote, iache ifunge kitanda. Na nondo, ile ya kujengea nyumba, isitumike kama pini wala kama mkono wa kiungo. Najua iko kila mahali na ni bei ndogo. Lakini chuma chake kimetengenezwa kukaa ndani ya zege. Hujui kitapokeaje moto wa kuchomelea, na mara nyingi kinakatika pale pale karibu na mshono baada ya kutikiswa miezi kadhaa. Kinakatika bila kupinda kwanza, yaani bila kukuaga.

Kitu cha mwisho ni mnyororo wa usalama. Miwili, ipishane kama herufi X chini ya mkono wa tela, iwe na ulegevu wa kutosha kukata kona tu. Kiungo kikiachia, mkono unaangukia kwenye mnyororo, haugusi barabara, na dereva anasimama taratibu. Mnyororo ule ungekuwepo usiku ule, Yaya angekuwa na mikono miwili iliyonyooka. Sina zaidi ya kusema hapo.

Kabla ya kupokea tela lolote, tulijaribu, na dereva asiye na mgonjwa. Mnaweza kufanya haya wenyewe bila injinia.

Kwanza, watu wawili waishike pikipiki iliyofungwa tela, wailaze chini polepole, kulia halafu kushoto. Tairi la tela likiinuka, au kiungo kikikwama kabla pikipiki haijafika chini, kikataliwe.

Pili, kata usukani na uisukume pikipiki izunguke mahali padogo. Mkono wa tela ukigusa tairi, bomba la moshi au taa, kikataliwe au kirekebishwe.

Tatu, vuta na sukuma tela kwa mkono bila kuzungusha tairi la pikipiki. Ukisikia "ko, ko", kuna ulegevu. Leo ni mdogo, baada ya mvua moja utakuwa mkubwa.

Nne, pima uzito wa mkono. Inatakiwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela na mzigo ikae kwenye kiungo. Tela na mgonjwa wakiwa kilo 150, basi mkono uwe na kilo 15. Huna mizani? Weka lita 15 za maji kwenye dumu. Inua dumu, halafu inua mkono wa tela. Vikilingana, uko sawa. Mkono ukiwa mwepesi sana, tela litayumba nyuma kama mkia wa samaki. Ukiwa mzito sana, usukani unakuwa mwepesi mlimani.

Tano, pakia madumu ya maji mara mbili ya uzito wa kawaida, livute nusu saa kwenye barabara mbaya, halafu fundi akague kila mshono.

Najua majibu nitakayopewa, kwa hiyo nijibu mapema.

Kuna watakaosema: kwa nini tela wakati zipo pikipiki za matairi matatu? Ni kweli zipo, na penye barabara pana ni nzuri. Lakini bei yake iko juu, na kwenye njia zetu za milimani, zile zinazopita kati ya mashamba, haziingii. Tela unalifungua, pikipiki inarudi kutafuta chakula cha watoto. Hilo tu linatosha kuwafanya madereva walitunze.

Kuna watakaosema: cha kiwandani kina karatasi ya ubora, cha kambini hakina. Hoja hii naiheshimu, sio ya kubeza. Hakuna anayetaka mama alale nyuma ya chuma cha kubahatisha. Lakini karatasi inathibitisha kiungo kilivyokuwa siku kilipotoka kiwandani. Haithibitishi msumari. Kama mna injinia, mleteni akae na mawelda wetu, achore, akague mishono, aseme hapa ongeza hapa punguza. Mchoro ubaki hapa. Hapo tutakuwa na ubora wa karatasi na ubora wa kesho asubuhi.

Na tusisahau kwamba Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Mawelda wapo, wana mashine, wana vijana wanaojifunza. Pesa ya kiungo ikilipwa hapa, kiungo kinakuwa na mwenyewe. Kikivunjika unajua mlango wa kugonga. Najua ndugu zetu walioko nchi nyingine jirani hawana nafasi hiyo, kuna kambi ambako mkimbizi hata pikipiki haruhusiwi kuwa nayo. Kwa hiyo sisi tulioipata tusiitumie kuchagua rangi.

Na kuna watakaosema, kwa sauti ya chini: vijana hawa wakipewa wataharibu. Hapa nageukia upande wetu. Jamani, tumeharibu. Tela la wagonjwa limebeba simenti. Limebeba mahindi. Limebeba maji, na madumu kumi ya lita 20 yaliyojaa ni kilo 200, kabla hujahesabu tela lenyewe. Halafu usiku mgonjwa analazwa juu ya kiungo kilichochoshwa mchana. Hilo halikufanywa na shirika. Tulifanya sisi, na wengine walilipwa.

Kwa hiyo naomba pande zote mbili.

Kwenu mashirika: kabla ya kununua, waiteni madereva wawili na mawelda wawili kutoka kila kanda, muwasikilize kabla ya kusaini na sio baada. Leteni tela moja kwanza, tuliendeshe mwezi mmoja wa mvua, ndipo mlete mengine. Uliza pikipiki za hapa ni za aina gani, maana fremu ya Boxer sio fremu ya TVS, na kiungo kilichopimwa kwa pikipiki ya kwingine kitakuja kulazimishwa kwa nyundo. Kila kanda iwe na kisanduku: pini, kotapini, krosi ya akiba, bolti za 8.8, grisi, mnyororo. Kisanduku hicho kina bei ndogo kuliko kuchora nembo.

Kwetu vijana: tela la mgonjwa libebe mgonjwa. Kila asubuhi dereva wa zamu apitishe mkono kwenye kiungo, apanguse tope, aangalie kotapini, aandike kwenye daftari. Kitu kikikosekana, tela lisitoke. Nalijua hili ni gumu kuliko yote niliyoandika. Mtu akija usiku analia mke wake anakufa, utamwambiaje tela halitoki kwa sababu ya kipini cha ukubwa wa kidole? Mimi sikuweza kumwambia dada yangu. Ndo maana kipini kiwepo. Tukifika kwenye swali lile saa nane za usiku, tumeshachelewa.

Kikao kinaendelea Alhamisi, pale pale. Mimi nitaenda na kile kipande cha msumari, bado ninacho. Sitakwenda kumlaumu mtu. Nitakiweka mezani kabla hatujaanza kuongea rangi, niombe kila mmoja akishike.

Dereva yeyote, welda yeyote, hata kama hukualikwa, njoo. Na kama una kiungo chako ulichotengeneza mwenyewe na kimekaa mwaka bila kukusumbua, kifungue uje nacho. Tukione, tukilaze chini, tusikie kama kinagonga.